Mbachao na Msala: Kisa cha Kiwanja Kilichotakiwa Kubadilishwa Malindi

Karatasi ya mahudhurio ndiyo iliyonizindua. Ilikuwa Jumamosi asubuhi chini ya mwembe ulio pembeni mwa kiwanja chetu, hapa Malindi. Viti vya plastiki vimepangwa, turubai limefungwa, chai ya maziwa na mahamri vinapita. Kijana mmoja nadhifu akawa anazunguka safu hadi safu na karatasi yenye mistari: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Watu wanatia sahihi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika hamri. Iliponifikia mimi, katibu wa kamati ya mtaa, nilikisoma kwanza kichwa chake. Juu kabisa, kwa Kiingereza na kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani, palikuwa na maneno kwamba waliotia sahihi wameelezwa mradi na wanauunga mkono. Mradi ulikuwa bado haujaelezwa. Hata dua ya kufungulia kikao ilikuwa haijasomwa.

Niliyakata maneno yale kwa kalamu, nikaandika juu yake: "Mahudhurio tu, si ridhaa." Kijana akanitazama usoni kama mtu anayeihifadhi sura, kisha akaendelea na safu yake.

Nakisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu mitaa mingi ya mwambao itakutana nacho, kama haijakutana nacho tayari. Jina la mtaa, la mwekezaji na la ofisi zilizohusika nimeyaacha. Mambo bado mabichi, na wengine kati yao naswali nao safu moja.

Kiwanja chenyewe

Ni ekari nne na kidogo, nyuma ya safu ya hoteli na nyumba za wageni, mwendo wa dakika chache kutoka ufukweni. Kuna miembe mitatu, mkwaju mmoja, na upande wa baharini mivinje ambayo hakuna anayekumbuka nani aliipanda. Asubuhi wanafunzi hukikatiza wakienda shule na madrasa. Alasiri ni mpira, na jioni ni wazee na bao lao la kete, na muuza kahawa na dele lake. Idi mbili tunaswalia hapo. Nyumba nyingi za mtaa huu hazina ua, kwa hiyo harusi zao na matanga yao ni kiwanjani. Wakati wa kampeni ni hapo pia, kila chama na spika zake.

Nisikisifu kupita kiasi. Pembe ya kaskazini ni jaa la taka, limekuwa hivyo miaka. Usiku hakuna taa hata moja, na mama mwenye akili hamtumi mwanawe kukikatiza baada ya isha. Masika yakishika, nusu ya uwanja wa mpira ni dimbwi la vyura. Anayekitetea kiwanja hiki akijifanya ni bustani ya peponi, hajawahi kupita pale mwezi wa Mei.

Ofa

Mwekezaji ana ardhi inayopakana na kiwanja upande wa baharini. Alitaka kukichukua kiwanja ajenge nyumba za likizo. Badala yake angetupa kituo cha michezo upande wa kwendea Ganda: uwanja wa nyasi bandia wa mpira wa watu watano, uwanja wa mpira wa kikapu, uwanja wa mpira wa pete, bwawa la kuogelea la mita 25, ukumbi uliofunikwa, vyoo, taa, ukuta na geti. Vyote hivyo ndani ya ekari moja na nusu. Michoro ilikuwa ya rangi, na watoto wanaocheka na miti ambayo haioti kwetu.

Wakili wake alikuwa mtu wa adabu na aliongea Kiswahili kizuri. Hoja yake ilikuwa nyepesi kumezeka: mna kiwanja kisicho na chochote, mtapata kituo chenye kila kitu, na hamtatoa hata shilingi. Akavitaja vile viwanja kimoja kimoja kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, mpaka ukumbi na vyoo, na kila kidole kilipokunjwa vijana walipiga makofi.

Aliyosema babu, aliyojibu msichana

Mzee mmoja, jirani wa kiwanja, baharia mstaafu na mwenye sauti, alisimama wa kwanza. Alisema maneno machache tu. "Wanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Akaketi. Wazee wakaitikia kama waliomaliza kikao.

Kisha akainuka msichana ambaye mwaka juzi alikuwa nahodha wa mpira wa pete shuleni kwao. "Shikamooni wazee wangu," akaanza, akangoja aitikiwe. "Babu, samahani. Mbachao huo nyinyi ndio mnaoukalia. Sisi hatujawahi kukalia hata ncha yake."

Akaeleza. Shuleni walicheza ndani ya ua wa shule. Walipomaliza kidato cha nne, michezo ikaishia hapo. Kiwanjani hawawezi kucheza, kwa sababu ukingoni kuna kijiwe cha bodaboda, na mara ya mwisho walipojaribu, simu sita zilitolewa kuwapiga picha wakikimbia. Wavulana wana kiwanja saa kumi hadi magharibi, siku saba za wiki. Wazee wana kivuli. "Sisi tuna njia ya kupita. Ukumbi una ukuta. Ukuta kwenu ni kifungo, kwetu ni ruhusa ya baba."

Nimeandika kumbukumbu za vikao vingi, na kwa kawaida kalamu yangu haisimami. Hapo ilisimama. Mimi nilikuwa upande wa wazee kabla ya kikao, na moyoni bado nilikuwa upande wao, lakini sikuwa na jibu la kumpa binti yule, na aliyedai analo alikuwa anajidanganya.

Baada yake alisimama kijana aliyewahi kuwa mpishi wa hoteli. Alisema kusi likianza hoteli kadhaa hufunga na wao hukaa barazani mpaka kaskazi lirudi na wageni, na nyumba zile, zikijengwa, zina kazi ya uashi, ya ulinzi, ya bustani. Mama muuza viazi vya karai akamuuliza kazi hizo ni za miezi mingapi, akajibiwa kwamba kazi ni kazi. Wote wawili walikuwa na haki. Tukapitia pia hoja za mkokoteni, za maegesho ya tuktuk na ya mbuzi wa mtu fulani, ambazo sitawachosha nazo.

Swali bora la siku ile lilitoka kwa shekhe wa msikiti wa karibu. Alisema kiwanja si wakfu, hilo analijua, lakini jambo la kubadilisha mali ya wengi mafakihi wamelitafakari karne nyingi kabla ya mabaraza yetu, na wameliita istibdali. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya mwambao wetu, mlango huo ni mwembamba mno: asili ya wakfu haiuzwi, haipeanwi, hairithiwi. Wahanafi na Wahanbali wamelegeza kidogo, lakini hata wao huuliza kwanza: manufaa ya mali ile yamekatika? Na kinachokuja badala yake kina manufaa yaleyale au bora zaidi, kwa watu walewale?

Kwa watu walewale. Wakili aliandika kitu kwenye daftari lake. Nilitamani kujua ni nini.

Tepu ya fundi

Jumatatu yake tuliazima tepu ya mita 50 kwa fundi wa ujenzi, tukaenda kiwanjani watu wanne: mimi, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, yule msichana, na kijana wa timu ya mpira. Nilitaka tuvipime vile vidole vya wakili.

Vipimo vya viwanja vya michezo si siri. Mpira wa watu watano ni mita 40 kwa 20, yaani mita za mraba 800. Mpira wa kikapu ni 28 kwa 15, yaani 420. Mpira wa pete ni 30.5 kwa 15.25, yaani 465. Bwawa la mita 25 lenye upana wa 12.5 ni 312 na nusu. Mwalimu alijumlisha mchangani kwa kijiti: karibu mita za mraba 2,000. Ekari moja ni 4,047. Vidole vyote vinne, ukivikunja pamoja, ni nusu ekari.

Halafu tukaupima uwanja wetu wa mpira wa miguu. Vipimo vya kimataifa vinavyopendekezwa ni 105 kwa 68, mita za mraba 7,140. Wetu una upungufu kidogo upande wa mkwaju, kwa sababu mkwaju haukuulizwa. Sasa tazama: ekari moja na nusu tuliyoahidiwa ni mita za mraba kama 6,070. Uwanja mmoja kamili wa mpira wa miguu haukai humo hata usipojenga ukuta, choo wala geti. Kijana wa timu, aliyekuwa amepiga makofi kuliko wote Jumamosi, alirudia hesabu ile mara mbili kwenye simu yake. "Kwa hiyo sisi kumi na mmoja kwa kumi na mmoja hatumo," akasema.

Hawamo. Hata mpira wa matambara wa watoto wa miaka saba, wanaocheza timu tatu kwa wakati mmoja na magoli ya ndala, haumo. Sala ya Idi haimo, matanga hayamo. Kiwanja kitupu hubeba shughuli nyingi kwa sababu hakikuchorwa mistari. Ukishachora mistari ya kikapu, ni kikapu tu.

Msichana alikuwa kimya muda wote, anashika ncha ya tepu. Mwisho akauliza: "Na hicho cha mpira wa pete, 465, hapa hakipatikani?" Kilikuwa kinapatikana zaidi ya mara 30. Tulicheka, kisha tukaona aibu kidogo.

Ardhi kwa simiti

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo watu wengi, wa pande zote mbili, walipoteleza.

Waliosema ardhi ya umma haibadilishwi kabisa walikosea. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, inazitaja njia za kuigawa ardhi ya umma: mnada wa hadhara, maombi ya kundi lililolengwa, zabuni, kura, mwito wa mapendekezo, na mwisho wake mabadilishano ya hadharani yenye thamani sawa. Mlango upo. Lakini anayebisha hodi si mwekezaji, na si kamati ya mtaa. Ni serikali, ya kitaifa au ya kaunti, inayopeleka ombi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Tume nayo inatakiwa kutoa ilani kwa umma siku zisizopungua 30 kabla ya kuigawa, na kuhakikisha haigusi fukwe, maeneo ya urithi wa kihistoria, wala ardhi iliyokwisha kutengwa kwa kazi maalumu ya umma. Juu ya yote hayo kuna ibara ya 62 ya Katiba: ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti hushikwa kwa amana, kwa niaba ya wakazi wake. Ni amana, neno ambalo hata mtoto wa chuoni anajua uzito wake.

Sasa hilo "thamani sawa". Karatasi ya mwekezaji ilisema gharama ya kujenga kituo inalingana na thamani ya kiwanja. Mwalimu wa hesabu aliridhika, nambari zilikuwa sawa pande zote. Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa kama karani wa mthamini wa mali, nikilipwa kidogo na kujifunza kingi, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kuuliza: thamani ya matumizi gani? Ardhi iliyotengwa kuwa kiwanja cha kuchezea, ikithaminiwa kama kiwanja cha kuchezea, ni rahisi, kwa sababu huwezi kuifanyia kitu kingine. Ardhi ileile ikithaminiwa kama ya nyumba za likizo, dakika chache kutoka baharini, bei yake inapaa. Mwekezaji aliithamini kwa matumizi ya sasa wakati wa kuichukua, lakini angeimiliki kwa matumizi yajayo. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo lililokuwa biashara yenyewe, na pengo hilo lilikuwa letu. Hakuna aliyedanganya kwa nambari. Swali halikuulizwa, basi.

La pili ni kuchakaa. Ardhi haichakai. Nyasi bandia, hata zikitunzwa, huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 8 au 10 hivi, na jua la saa nane mchana huzipasha moto kiasi cha kumtoa mtoto pekupeku mbio. Bwawa la mita 25 lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu linameza lita kama 470,000, yaani mitungi zaidi ya 23,000 ya lita ishirini, na hiyo ni kulijaza mara ya kwanza tu, kabla ya dawa, pampu na umeme. Mtaa ambao maji yakikatika siku mbili watu wanapigania mkokoteni wa mitungi ungekuwa na bwawa. Katika karatasi zote hatukuona nani angelipa mwaka wa pili. Tulipouliza, wakili alisema kituo "kitajiendesha chenyewe". Kwa lugha ya kawaida maana yake ni kiingilio getini.

Kwa hiyo baada ya miaka 10 hesabu ingesomeka hivi: yeye ana ekari nne zilizopanda bei, sisi tuna simiti yenye nyufa, mwendo wa tuktuk kutoka nyumbani. Mabadilishano ya ardhi kwa ardhi naweza kuyajadili. Ardhi kwa simiti ni kubadilisha ng'ombe kwa maziwa ya wiki.

Watu walipenda kutaja bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 mpaka likaachwa. Ni mfano wa kishujaa lakini kwetu haukutoshea. Pale bustani ilitakiwa kuchukuliwa mchana kweupe, hapa tulikuwa tunapewa zawadi, na kukataa zawadi ni kazi ngumu zaidi. Mfano uliotufaa ulikuwa jirani zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ardhi ya Nyali iliyokuwa nafasi ya wazi kando ya bahari. Kampuni ilikuwa imeinunua na ina hati mkononi. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi: ikiwa mgao wa kwanza, wa mwaka 1989, haukufuata sheria, aliyenunua baadaye halindwi na Katiba. Hukumu ile niliisoma kwa sauti katika kikao cha pili, na nilimtazama wakili nilipokuwa nasoma. Ilikuwa hoja ya kumlinda mteja wake kama ilivyokuwa ya kutulinda sisi. Hilo alilielewa haraka kuliko watu wetu.

Na kuhusu ile karatasi ya mahudhurio, Lamu walishatuonyesha. Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira liliifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vikao vya kuutambulisha mradi havikuhesabiwa kuwa ushirikishaji. Kumwita mtu, kumpa chai na kumwonyesha picha si kumshauri. Lazima awe na ripoti mkononi, kwa lugha anayoielewa, na muda wa kuijibu.

Jibu letu, na kigingi cha nne

Kamati iligawanyika. Baadhi walitaka tuandike "hapana" moja, tupige muhuri. Mimi nilikuwa kati ya waliosema tuandike "si hivi". Tulishinda kwa mikono miwili tu, na hadi leo kuna mtu hanijibu salamu, anasema nilifungua mlango uliokuwa umefungwa. Barua yetu ilisema tutakaa mezani ikiwa kinachotolewa ni ardhi kwa ardhi, isiyopungua ukubwa, mtoto anakofika kwa miguu. Ikiwa thamani itapigwa kwa matumizi yote mawili na kubandikwa hadharani kwa Kiswahili. Ikiwa kitakachojengwa kitajengwa na kukabidhiwa kwanza, kabla ya mvinje hata mmoja kukatwa. Na ikiwa fedha za matunzo zitawekwa kando tangu mwanzo. Bado naamini ilikuwa barua sahihi. "Hapana" kavu ingemwacha yule binti palepale alipokuwa.

Sambamba na hiyo tuliandika barua ya pili, fupi, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibiwa. Tuliuliza jambo moja: ombi la kubadilisha kiwanja hiki lilipelekwa lini kwa Tume? Jibu lilikuja siku ya 19, mistari mitatu. Hakuna ombi lililopelekwa.

Tafsiri yake ilinichukua kikombe kizima cha kahawa. Vikao viwili, michoro ya rangi, ugomvi wa majirani, na hakuna serikali iliyokuwa imeomba chochote. Mwekezaji alikuwa anakusanya kwanza sahihi za wakazi, ili aende nazo ofisini akiwa na "ridhaa ya wananchi" mkononi. Yale mahamri ndiyo yaliyokuwa hatua ya kwanza ya mradi.

Tukaamua, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, tuvitafute vigingi vya kiwanja kwa kutumia ramani ya upimaji, tujue kinaanzia wapi na kuishia wapi. Mpima ardhi mmoja, mtoto wa mtaa, alikubali kuja bure. Kigingi cha kwanza kilikuwa chini ya mkwaju, cha pili kando ya barabara, cha tatu tulikifukua chini ya taka za pembe ya kaskazini, kazi ambayo siwatakii. Cha nne hakikuonekana. Mpima akapiga mahesabu yake, akatembea, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba, akasema kwa upole kwamba kigingi kiko ndani, kama mita tano hivi kutoka hapo. Ndani palikuwa jiko la nje la yule mzee wa mbachao.

Mzee hakukana. Alisema ukuta ulisogezwa na mkewe marehemu wakati wa kupanua jiko, na kwamba wakati ule hakuna aliyeuliza. Hilo ni kweli, hakuna aliyeuliza. Kamati imemwandikia barua naye, kwa heshima zote, na mimi ndiye niliyeipeleka. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa kanzu, akaniagizia kahawa.

Mwekezaji hajajibu barua yetu wala hajaonekana tena, ila sijasikia kwamba ameiuza ardhi yake. Jaa la pembe ya kaskazini, baada ya kufukuliwa, halijarudi lote, limerudi nusu.

Wasichana nao hawakungoja. Walikuja na tepu ileile ya fundi na ndoo ya chokaa, wakapiga mistari yao 30.5 kwa 15.25 upande wa mzee, mbali na kijiwe cha bodaboda, na Jumanne na Alhamisi saa kumi hufunga maturubai mawili ya harusi kati ya mwembe na ukuta. Wavulana walinung'unika wiki mbili. Kwa sababu ya zile mita tano, pembe moja ya uwanja wao inagusa ukuta wa jiko, na mpira ukipaa huangukia ndani. Mzee huurudisha. Mara nyingine anachelewa.